Tukinyamaza, majarife yataamua

Ami yangu wa Mtwapa alishangaa nilipomweleza kwamba huku kusini mwa Uingereza mtu anayevua kwa mshipi, siku yake ya mapumziko, hupangiwa samaki wangapi aende nao nyumbani. Akaniuliza, "Na wenye nyavu je, mwanangu, wao nani anawahesabia?" Sikuwa na jibu fupi, kwa hiyo naandika.

Samaki mwenyewe anaitwa besi. Hupenda maji yenye povu karibu na mawe, na bamvua ikijaa wakati wa magharibi ndiyo saa yake. Magamba yake ni ya fedha, na miiba ya mgongoni ukiishika ovyo hukutoboa kiganja. Hakui haraka: jike huchukua miaka sita au zaidi kufikia urefu wa kuzaa. Majira ya baridi yakiisha hukusanyika kutaga katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, na huko ndiko matrola, yaani meli za kukokota nyavu, yalikokuwa yakiwafuata, mawili mawili yakiburura wavu mmoja. Idadi ikaporomoka. Januari 2015 Umoja wa Ulaya ukayapiga marufuku matrola hayo kwa msimu wa kutaga. Mwaka huohuo sisi wa mshipi tukawekewa kikomo cha samaki 3 kwa siku, na urefu wa chini wa besi anayeruhusiwa kuchukuliwa ukapandishwa kutoka sentimita 36 hadi 42.

Hatua hizo wengi wetu tuliziunga mkono. BASS, chama cha wavuvi wa besi kilichoanzishwa 1973, kilikuwa kimedai kwa miaka mingi urefu huo uongezwe.

Uchungu ulianza baadaye. Mwaka 2016, nusu ya kwanza ya mwaka tukaambiwa turudishe kila besi majini. Nusu ya pili, mmoja kwa siku. Mwaka 2018 ukaanza kwa amri ya kurudisha wote, huku boti ya nyavu za kutega, zile ambazo kwetu tungeziita majarife, ikiruhusiwa kushusha hadi tani 1.2 kwa mwaka kwa maelezo kwamba samaki hao wamenaswa bila kukusudiwa. Mimi ni mtoto wa wavuvi, siwezi kumwonea mtu choyo riziki yake. Lakini jarife linalolazwa usiku mzima halijui sentimita 42. Ndoana yangu naitoa, nampima samaki kwenye alama nilizochora kwenye ufito, namshika ndani ya maji mpaka mkia upate nguvu, anakwenda. Wavuvi wa biashara wanaotumia mshipi nawahesabu kuwa wenzetu katika hili.

Kilichotusaidia ni kujipanga. Angling Trust, chama cha kitaifa cha wavuvi wa mshipi, pamoja na BASS na kampeni ya Save Our Sea Bass walitusukuma kuwaandikia wabunge, na Februari 2016 suala la besi likajadiliwa bungeni London. Silaha yetu kubwa ilikuwa utafiti wa serikali yenyewe wa mwaka 2012: watu 884,000 walivua baharini kwa burudani Uingereza, wakatumia pauni bilioni 1.23. Mwanasiasa huenda asimjue besi, lakini hesabu hiyo anaielewa.

Mzee mmoja wa chama chetu cha mtaani alinifundisha kuandika barua ya namna hiyo. Usinakili barua iliyotungwa na wengine, aliniambia, wanaipokea mia na kuihesabu moja. Basi nikaandika ninachokijua: bei ya minyoo ya chambo, petroli, kitanda cha usiku mmoja Weymouth, chakula cha watoto pale ufukweni. Nikataja boksi la samaki ninalorudi nalo likiwa tupu. Nilijibiwa, tena si kwa barua ya kawaida ya "tumepokea".

Na wanasayansi nao wakapiga hesabu upya. ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, lilipokadiria vizuri zaidi athari za wavuvi wa burudani, kukaonekana nafasi: Oktoba 2018 tukarudishiwa besi mmoja kwa siku. Mwaka 2020 wakawa 2, katika miezi iliyoruhusiwa.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi. Kuvua kwenye mito na maziwa ya Uingereza lazima uwe na leseni, baharini hakuna. Wengi wanauona huo kuwa uhuru wa kulindwa kwa gharama yoyote. Mimi naona kwamba asiyeandikwa popote ni rahisi kusahauliwa kikao cha kugawa samaki kikianza. Kama si leseni, basi angalau kila mmoja arekodi anachovua na anachorudisha, na takwimu hizo ziwafikie watafiti. Kuna ukuta wa bandari karibu na kwangu uliofungiwa wavuvi kwa sababu za usalama, na tulipokwenda kuutetea swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa: mko wangapi? Hatukuwa na daftari.

Desemba 2023 serikali ilitoa mpango wa usimamizi wa besi, na kazi ya kuutekeleza ina maoni ya wananchi ndani yake. Waswahili mnaovua huku, nawajua mpo, kuanzia Southampton hadi Kent: jiungeni na chama chochote kilicho karibu, na maoni yakiitishwa andikeni. Mkikwama na Kiingereza cha kiofisi, nitumieni ujumbe, tutakaa pamoja tuyaandike.