Ufunguo wa Geti na Betri Niliyoitoa Kwenye Kitambua Moshi

Kwa muda wa miezi minne kitambua moshi kilichokuwa kwenye dari la korido yetu hakikuwa na betri, na aliyeitoa ni mimi mwenyewe. Dada yangu anayeishi Uingereza alituletea vifaa hivyo viwili alipokuja likizo, vyeupe, vya duara, ukubwa wa kisosi cha chai, nami nikavifunga siku ileile, kwa kumstahi yeye kuliko kwa kuuogopa moto. Usiku mmoja wa mwezi Oktoba kile cha korido kilianza kutoa mlio mfupi mkali, kikanyamaza kwa kiasi cha dakika moja, kisha kikalia tena. Sikujua kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kuomba betri mpya. Nilipanda juu ya kiti saa saba usiku, nikakifungua, nikaitoa betri na kurudi kitandani nikiwa nimeridhika kabisa. Cha pili, kilichokuwa sebuleni, kilikuwa kimekwisha kushushwa zamani kwa kosa la kupiga kelele kila Alhamisi jioni mama anapofukiza udi.

Mwezi Februari umeme ulikatika mnamo saa tatu usiku ukarudi saa nane. Nyuma ya friji palikuwa na ekstensheni iliyobeba friji lenyewe, televisheni na chaji za simu tatu, nayo ilianza kuyeyuka polepole bila kutoa mwali. Aliyetuamsha ni mama, ambaye huamka mapema kutia udhu. Alipofungua mlango wa chumba chake alikuta moshi umetanda kuanzia darini hadi usawa wa kifua, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, siku niliyokaribia kutumbukia kisimani. Nilizima swichi kuu, nikalowesha blanketi kwenye pipa la maji na kuufunika moto, ambao kwa kweli ulikuwa bado mdogo: ekstensheni, kipande cha pazia na upande wa nyuma wa friji.

Ninachokiota hadi leo, hata hivyo, ni ufunguo. Wakati nahangaika na blanketi, mke wangu alikuwa amekwisha kuwafikisha watoto kwenye mlango wa mbele, na mlango wa mbao ulifunguka vizuri, lakini mbele yake lilisimama geti la chuma lenye kufuli, na ufunguo haukuwapo kwenye kabati la viatu ambako huwa tunauweka. Nilikuwa nimeutia katika mfuko wa suruali niliporudi kutoka dukani jioni ile. Tulikuwa watu sita ndani ya nyumba yenye madirisha saba yaliyofungwa nondo na milango miwili yenye makufuli, tukiwa gizani kwa sababu umeme nimeuzima mwenyewe, na hakuna aliyeweza kutoka mpaka nilipoikumbuka suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi, na nimewasumbua kwa maswali mafundi umeme wawili na askari mmoja wa zimamoto aliyekuja kutoa elimu katika mkutano wa mtaa. Jambo la kwanza ambalo lingenifanya nisiitoe ile betri, laiti ningalilijua, ni kwamba aliyelala hawezi kuitegemea pua yake. Wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikiungua usiku harufu itatuamsha, ilhali usingizi huzifunga pua kuliko unavyoyafunga masikio. Moshi wa godoro, wa plastiki na wa sofa hubeba gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi na humzidishia usingizi aliyekwisha kulala. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla mwali haujawafikia. Kwa hiyo kazi ya kifaa kile cha dada yangu ilikuwa moja tu, nayo ni kupiga kelele badala ya pua.

Vifaa hivi viko vya aina mbili kubwa, na tofauti yake ina maana kwa mtu anayetaka kununua. Aina moja ina chembe ndogo sana ya metali inayotoa mionzi iitwayo amerisiamu (americium), ambayo huifanya hewa iliyo ndani ya kifaa ipitishe umeme kidogo. Moshi unapoingia, umeme huo hupungua na king'ora hulia. Aina hii ni nyepesi kuutambua moto wenye miali, kama wa karatasi au mafuta. Aina ya pili hutumia mwanga: ndani yake mna taa ndogo na jicho la kielektroni ambalo kwa kawaida haliuoni mwanga wa taa hiyo, hadi chembe za moshi zinapoingia na kuutawanya mwanga ukalifikia. Hii ya pili ndiyo huwahi zaidi kuutambua moto unaofukuta bila mwali, kama wa ekstensheni yetu, wa sigara iliyoangukia godoro au wa dawa ya mbu ya kuchoma iliyogusa chandarua. Mtu akiniuliza anunue ipi kwa nyumba zetu, nitamwambia ya mwanga, kwa sababu moto mwingi wa usiku ninaousikia mitaani huanza kwa kufukuta, na pia kwa sababu haina papara ya kulia kila kitunguu kinapokaangwa.

Kuhusu mahali pa kukiweka, nilikosea. Moshi hupanda, kwa hiyo kifaa hukaa darini, mbali na kona, au ukutani sentimita chache chini ya dari. Hakiwekwi jikoni, wala karibu na feni au dirisha lenye upepo unaoupeleka moshi kwingine. Kati yake na jiko paachwe angalau mita tatu. Kile cha sebuleni nilikuwa nimekifunga juu kabisa ya meza ambayo mama huweka chetezo, kwa hiyo lawama ya kelele za Alhamisi ilikuwa yangu, si ya udi. Kwa sasa kimehamia sehemu ya juu ya ukuta wa korido nyingine, ile inayoelekea chumba cha watoto, na mama anafukiza kwa raha zake. Nyumba isiyo na dari ina shida yake: chini ya bati mchana huwa na joto kali kuliko linaloruhusiwa na maelekezo ya vifaa vingi, na hewa hiyo ya moto iliyojikusanya juu yaweza kuuzuia moshi mwembamba usifike kileleni, kwa hiyo ni afadhali kukifunga kwenye boriti, chini kidogo ya bati, kuliko kukigandisha kwenye bati lenyewe.

Matunzo yake ni machache. Kitufe cha majaribio kibonyezwe mara moja kwa mwezi, vumbi na buibui waondolewe kwa brashi laini, kwani hata mende mdogo akiingia ndani huweza kukifanya kilie bila sababu, na kifaa chenyewe kibadilishwe kinapofikisha miaka 10 hata kama bado kinalia vizuri. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa mgongoni. Ukinunua cha mtumba, geuza mgongo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Jaribio la maana zaidi sikulisoma popote. Nilijiuliza tu ingekuwaje king'ora kikilia kweli. Usiku mmoja wa Ijumaa, mnamo saa sita, nilibonyeza kile kitufe bila kumwambia mtu. Mama alitoka na khanga begani ndani ya nusu dakika. Mke wangu alitoka akiwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Watoto wawili walioko umbali wa hatua nne kutoka kwenye king'ora hawakugeuka hata ubavu. Nilibonyeza tena, na tena. Yule wa miaka sita alivuta shuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba si ajabu ya watoto wangu peke yao, kwani watoto wadogo mara nyingi hawaamshwi na mlio huo mwembamba, na wengi huamka upesi zaidi kwa sauti ya mtu anayewaita. Kwa hiyo king'ora kwetu kimewekwa kumwamsha mtu mzima, na kila mtu mzima anajua ni mtoto yupi wa kwake kumbeba.

Niseme pia kile ambacho kifaa hiki hakiwezi, maana nimemsikia jirani akidai kwamba kitamlinda dhidi ya mtungi wa gesi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 na 15 imekwisha kuingia karibu kila nyumba ya mtaa wetu, jambo ambalo ni jema. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kutambaa sakafuni, wakati kitambua moshi kimekaa darini kikisubiri moshi. Kitu kinachotuonya hapo ni ile harufu mbaya inayoongezwa makusudi. Ukiisikia, funga valvu, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, kisha toka. Mpira na regulata nazipaka povu la sabuni kila ninapobadilisha mtungi, na povu likichezacheza najua pana tundu. Vilevile kitambua moshi cha kawaida hakiitambui ile kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani msimu wa baridi huko Njombe au Lushoto. Hiyo ina kifaa chake, na jiko lenyewe halina ruhusa ya kulala ndani na watu.

Narudi kwenye ufunguo, kwa sababu naona tunaununua usalama wa wezi kwa bei tusiyoihesabu. Mwezi Machi 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Moto ule uliwashwa kwa petroli, na sidhani king'ora chochote kingeliwasaidia sana. Walichokikosa ni njia, kwani mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka saba kabla yake, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo mkoani Kilimanjaro. Tunawalilia watoto wa mabweni, kisha jioni tunafunga makufuli nyumbani kwetu na kutupa funguo popote.

Kwetu ufunguo wa geti sasa una msumari wake, ndani, kando ya mlango wa mbele, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kufika kutoka dirishani lakini mkono wa binti yangu wa miaka tisa unafika. Haruhusiwi mtu kuutia mfukoni akiwa ndani ya nyumba, na mwenye kukosa hilo zaidi bado ni mimi. Pembeni yake nimebandika karatasi yenye namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo hupigwa bure, pamoja na jina la mtaa na namba ya nyumba tuliyopewa katika zoezi la anwani za makazi la 2022, kwa kuwa mtu aliyepagawa husema "karibu na duka la mangi" na kuyafanya magari ya zimamoto yazunguke mtaa mzima. Mwenye nyumba, baada ya mazungumzo marefu kuliko nilivyotarajia, alikubali fundi akate nondo za dirisha la chumba cha watoto na kuzirudishia kwa bawaba, ili zifunguke kama mlango kwa komeo la ndani. Gharama ilikuwa juu yangu. Fundi alimaliza kazi kabla ya adhuhuri, akapaka rangi, akaniomba nijaribu mwenyewe kupita.

Nilipita, ingawa kwa ubavu. Binti yangu alipita mara tano kwa kuwa aliuona mchezo. Mama aliangalia kwa muda, akapima kimo cha dirisha kwa macho, akasema kwamba yeye hapiti hapo hata nyumba ikidondoka, kwa hiyo tumtafutie njia nyingine. Ana haki. Chumba chake ndicho kilicho mbali zaidi na mlango wa mbele, na mlango wa uani ulio karibu naye bado una kufuli lenye ufunguo mmoja, ambao kwa sasa unalala chini ya mto wake hadi fundi arudi Jumamosi.