Vidole vya Babu

Jana mwanangu alikaa kizingitini ananyonya barafu ya ubuyu, nusu inaingia mdomoni, nusu inamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Akanitupia swali: "Mama, kule kwenye barafu ulikuwa unahesabu nini?"

"Vijimea."

"Vingapi?"

Nikajifanya kutafuta kitambaa cha kumfutia. Mtu wa kwanza kuniuliza hivyo alikuwa babu, Igombe, na siku ile mpaka leo haijanikaa sawa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu (PhD), nimerudi likizo kutoka Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Yale ya huko mnayajua: jua lisilozama, na mbu ambao mama hajaamini mpaka leo kwamba wapo. Babu nilimkuta kando ya Ziwa Victoria, chini ya kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, kina mama wanageuza dagaa juani, harufu imejaa pwani nzima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona baridi imekukondesha? Hao wanaume wa huko hawali?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Nikamweleza kwamba udongo wa kule, chini ya ile mboji, umeganda mwaka mzima, masika na kiangazi, na barafu ya ndani huinua ardhi ikawa kichuguu. Sasa joto linapanda, barafu inayeyuka kwa chini, kichuguu kinazama na kuwa dimbwi. Vijimea vya pakavu vinakufa, vya majimaji vinachukua nafasi. Kazi yangu ni kupiga magoti na kuhesabu nani amebaki.

Babu aliitazama picha kwa muda mrefu, simu ameishika mbali na uso.

"Kama kaburi," akasema. "La zamani. Sanduku likioza, udongo unatitia."

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya maprofesa na picha 12 ukutani kusema hilohilo.

"Vingapi, hivyo vijimea?"

Nikamwambia kule ni baridi, viumbe wanaovumilia si wengi. Ukikaza kichwa, msimu mmoja unatosha kuwajua karibu wote wa eneo lako. Akacheka. "Zamani walikuja Waholanzi hapa, wakawa wanavua furu, hawa samaki wadogo wa ziwani, wanawapima, wanawatia kwenye chupa. Sasa wewe umeenda kwao kuhesabu majani. Mmebadilishana?"

"Hawa ni Waswidi, babu."

"Si haohao."

Kisha akaweka nyavu chini, akanyoosha mkono wa kushoto na kuanza kukunja vidole. Kidole cha mwisho, jina. Cha pete, jina. Alikuwa anataja furu kwa Kikerewe: huyu wa kwenye mawe, huyu wa matopeni, huyu mwenye mdomo mnene, huyu alikuwa mtamu lakini miiba mitupu. Mkono wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili. Ukaisha huo, akarudi wa kwanza. Baadhi ya majina aliyataja polepole, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani, na baada ya kila moja la namna hiyo anasema, "Huyu sijamwona tangu sangara wajae." Yaani tangu miaka ya themanini. Wataalamu wanasema ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za furu, na nyingi zilitoweka baada ya sangara kutawala. Hilo nilikuwa nimelisoma. Lilikuwa sura ya kwanza ya kila kitabu nilichopewa huko ugenini.

Kwenye begi langu kulikuwa na daftari lisiloingia maji na penseli mbili. Kule Abisko kuna ziwa, Torneträsk, ambalo tarehe zake za kuvunjika barafu zinaandikwa tangu miaka ya 1910, mwaka hadi mwaka. Hata mimi nilijifunza kuandika rangi ya mawingu. Daftari sikulitoa. Nilikuwa likizo. Halafu, jamani, nani anamwandika babu yake?

"Hayo majani ya huko umeyaandika yote?" akaniuliza alipomaliza.

"Nimeyaandika."

"Vizuri," akasema, akaokota nyavu.

Tukala sato, nikarudi Abisko, nikaendelea kupiga magoti. Habari za msiba zilinikuta huko huko, mwaka mmoja kabla sijatetea tasnifu.

Jana usiku, mtoto amelala na ubuyu umemkaukia mikononi, nilikaa na kalamu nikajaribu. Yakaja majina mawili tu. Nikampigia shangazi kuhakikisha. La kwanza akasema ndiyo, huyo ni furu, tena alikuwa wa mchuzi. La pili akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniambia hilo lilikuwa jina la utani la mzee mmoja wa Ukerewe aliyekuwa anamdai babu pesa za nyavu.