Kitambaa cha kumi

Alhamisi asubuhi kijana mmoja alifika mlangoni kwetu na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, mzito mpaka bega limepinda. "Mugonile, mama. Huu ni wa dokta aliyempasua mama yangu." Nikamwambia ndaga, mwanangu, nikausukumia chini ya meza ya chai.

Simlaumu. Huu mwaka wa 11 niko thieta, chumba cha upasuaji, na sijasikia ndugu wa mgonjwa akiuliza vitambaa alihesabu nani.

Mama yake alitolewa uvimbe kwenye kizazi. Humo ndani tulikuwa sita. Dokta ndiye mwenye kisu, hilo halina ubishi. Mkabala wake alisimama daktari kijana aliye mafunzoni, kazi yake kushikilia vyuma vya kutanulia tumbo mpaka mikono inatetemeka. Kichwani kwa mgonjwa alikaa kaka wa usingizi. Wengi hudhani akishampiga mtu nusu kaputi anabaki kuchezea simu. Kumbe kwa saa mbili zile pumzi ya yule mama iko mikononi mwake. Mashine inayopima oksijeni kidoleni hulia kwa sauti nyembamba. Oksijeni ikipungua, mlio nao unazama. Yeye huinua kichwa kabla sisi wengine hatujasikia kitu. Na akisema "dokta, subiri," dokta anasubiri.

Mimi nilikuwa mezani, nimenawa, nimevaa gauni na glavu, yaani hata pua ikiwasha siigusi. Natoa mkasi, koleo, uzi. Dada wa nje (yumo humo chumbani, ila meza yangu haigusi) ananifungulia kila kisicho mezani na kuandika ubaoni. Wa sita ni mhudumu, aliyemleta mgonjwa na kitanda, na ndiye mwenye ndoo.

Kabla ya kisu tunahesabu pamoja, kwa sauti. Vitambaa vikubwa vya kufyonza damu hufungwa vitano vitano. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo mnaijua. Furushi la kwanza nikafungua, tukahesabu moja mpaka tano. La pili nikatamka tu "tano". Dada akaandika 10.

Wakati wa kufunga tumbo vikawa tisa. Tukarudia, tisa.

"Dokta, hesabu haijatimia."

Akanyoosha mkono apewe uzi. Sikumpa. Alinitazama juu ya barakoa kwa yale macho yake, kisha akarudisha mkono tumboni na kupapasa taratibu, kona kwa kona. Mhudumu akamwaga ndoo sakafuni, akapiga magoti, akavitandaza vitambaa kimoja kimoja kama mtu anayeanua nguo. Kaka wa usingizi akaongeza dawa bila kuambiwa. Dakika 25. Tisa.

Ndipo dada wa nje akapiga simu chumba cha kutakasia vifaa. Mama wa kule akaacha simu mezani, akarudi: kipo kimoja kwenye meza ya kukunjia, kimebaki tangu jana. Furushi la pili lilikuwa la vinne. Tulimpiga mgonjwa picha ya eksirei hata hivyo kabla hajaamshwa, na tumbo lilikuwa safi.

Mama wa vifaa alikosea kufunga, mimi nikakosea zaidi, maana kazi yangu ni kuhesabu, siyo kuamini. Nimeliandika hivyo kwenye kitabu.

Huyo mama wa vifaa ndiye wa saba, na thieta haingii. Huku kwetu, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi (ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa), na hata pwani, kwenye nyuzi 100, sufuria haitoshi kuua vijidudu vyote. Yeye hubana mvuke kwenye mashine mpaka nyuzi 121, na hatoi furushi mpaka mistari ya ule utepe wa kwenye furushi iwe myeusi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua kabla na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika miji minane, na mmojawapo ni Ifakara, hapo hapo treni ya TAZARA inapopita. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimoja kinataka kila mtu ataje jina na kazi yake kabla ya kisu. Sisi tulikuwa tunakiruka, eti tunajuana. Siku hizi tunataja, na mimi nimeongeza langu: naulizia furushi limefungwa na nani.

Dokta alipotoka wodini nikamwonyesha mkungu. "Gawa," akasema, akajichukulia chana moja. Mama wa vifaa nikampelekea tatu. Akauliza za nini, nikamweleza zimetoka kwa nani. Akaziweka kwenye meza ya kukunjia, akaanza kuzihesabu kwa kidole, moja moja, kwa sauti, huku akinitazama.