Jozani kwa miguu: msitu kwanza, mikoko maji yakijaa

Matembezi ya Jozani, msitu wa hifadhi wa Unguja, ni mepesi. Hakuna mlima, njia ya msituni ni kama kilomita 1, na njia ya mbao katika mikoko ya kijiji cha Pete humalizika kwa nusu saa hata ukiwa na mtoto. Kinachowaharibia watu siku ni maji. Wengi huingia mikokoni saa yoyote wanayomaliza msitu, wakakuta tope tupu, wakarudi wakisema hapana kitu.

Kwa hiyo mimi huanza na mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku ninazozipenda ni tarehe 12 au 27 ya mwezi wa Kiislamu: maji hupwa mapema asubuhi, na kufikia saa 4 yanakuwa yanapanda. Msitu nautembea saa 2, mikokoni nafika saa 4:30, nikakuta mizizi bado iko wazi na maji yanaingia. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, sikushauri, kwani maji hayafiki ndani vizuri. Hata hivyo muulize mvuvi: "Shekhe, leo maji yanajaa saa ngapi upande wa Pete?" Mikoko ile iko ndani kabisa ya hori ya Pete, na maji huchelewa kufika huko kuliko mwambao wa wazi.

Daladala za Makunduchi na Jambiani hupita getini, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Tiketi ya hifadhi inajumuisha mtembeza wageni, msitu na mikoko. Usiitupe, utaulizwa tena Pete. Vaa raba zenye meno. Kandambili huteleza kwenye mbao zenye ukungu, na msituni hunasa tope. Beba maji lita 1 kwa kila mtu. Baada ya masika maji ya ardhini hupanda na sehemu za njia huzama, basi uliza kwanza kabla ya kwenda na mzee.

Msituni tembea polepole, hasa penye mitondoo mikubwa na miwale, kwani kivuli ni kizito na macho huhitaji dakika chache kuzoea. Kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, wanapatikana Unguja. Pemba wako wachache waliohamishwa. Mara nyingi huwaoni ndani ya msitu mkubwa bali pembezoni, kwenye vichaka vya mawe na mashamba ng'ambo ya barabara. Punju ni sumu: watu wa zamani waliamini mti wanaoula hufa. Wanakula majani, na wakila ya mwembe na mkungu hutafuta makaa wakayatafuna, kwa kuwa makaa hupunguza ukali wa majani hayo. Usiwape chakula, usiwaguse, na ukiwa na mafua kaa nyuma kabisa. Maradhi yetu huwaingia.

Kutoka getini hadi mikoko ni kama kilomita 1 kwa barabara. Tembea upande unaotazamana na magari, watoto wawe upande wa mbali na magari.

Kwenye mbao, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake ndipo ulipo mhimili. Ubao uliooza huvunjika katikati, si hapo. Simu ifunge kamba. Nafasi kati ya mbao zinaimeza, na tope halirudishi kitu. Kisha simama. Ukipita kwa haraka kaa wote wameshaingia mashimoni. Ukitulia dakika 3 wanatoka, wale wa gando moja kubwa kwanza.

Mjifunze miti kwa mizizi. Mkoko husimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Msinzi hutoa mizizi yenye magoti. Mchu huchomoza vijiti vingi topeni, navyo ndivyo vinavyovuta hewa, maana tope lile halina. Lamba jani la mchu: chumvi unayoionja ameitoa mwenyewe. Mkomafi una tunda zito la mviringo, likipasuka mbegu zake zinaachana vipande vyenye pembe, na watoto hujaribu kuzirudisha bila kufanikiwa. Chini ya mkoko tazama vile virefu vya kijani vinavyoning'inia: si matunda ya kawaida, ni miche iliyokwisha ota juu ya mama yake. Ikianguka maji yakiwa yamepwa huchoma tope papo hapo. Yakiwa yamejaa huelea ikaote kwingine. Naomba sana isichumwe kwa mchezo.

Maji yakishafika chini ya mbao, samaki wadogo huingia kati ya mizizi kwa makundi. Hapo ndipo pa kukaa, robo saa au zaidi. Rudi barabarani kabla ya saa 10. Baada ya hapo mbu huanza, na daladala nyingi za kurudi mjini hupita zimejaa.