Mabao 108 na bado ukabaki: Daraja la Pili Uingereza, msimu wa 1926/27

Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza Ligi Kuu wakiwa na pointi 69 kila mmoja. Azam akashika nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao, Simba akaangukia Kombe la Shirikisho. Vijiweni hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, hesabu ile haikumsumbua mtu: chukua mabao ya kufunga, toa ya kufungwa, mwenye kubwa yuko juu. Mwaka 1927 kule Uingereza walikuwa wanagawanya badala ya kutoa, na kugawanya huko ndiko kulikoibakiza Manchester City Daraja la Pili, hatua moja chini ya ligi ya juu kabisa (iliyoitwa Daraja la Kwanza), ikiwa imefunga mabao 108.

Nafasi tatu za juu za Daraja la Pili zilisomeka hivi baada ya mechi 42:

Middlesbrough: ushindi 27, sare 8, kufungwa 7, mabao 122–60, pointi 62.
Portsmouth: ushindi 23, sare 8, kufungwa 11, mabao 87–49, pointi 54.
Manchester City: ushindi 22, sare 10, kufungwa 10, mabao 108–61, pointi 54.

Ushindi ulikuwa pointi 2, sare pointi 1. Ligi ilikuwa na timu 22, zinapanda mbili tu, zinashuka mbili. Hakukuwa na mchujo wa kupanda kuanzia nafasi ya tatu kama ilivyo leo, kwa hiyo wa tatu hakuwa na pa kukimbilia.

Timu zikifungana kwa pointi, mabao ya kufunga yaligawanywa kwa ya kufungwa. Portsmouth: 87 gawanya kwa 49, unapata 1.7755. City: 108 gawanya kwa 61, unapata 1.7705. Pengo ni 0.005. Ukitaka kuhakiki bila desimali, zidisha kwa kukingamisha: 87 mara 61 ni 5,307, na 108 mara 49 ni 5,292. Mwenye namba kubwa ana uwiano mkubwa. Njia hii ndiyo salama zaidi, maana anayekadiria kwa desimali moja atapata 1.8 kwa timu zote mbili na kuishia kurusha shilingi.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Mei 1927. Timu zote mbili ziliamka na pointi 52. City ilikuwa na mabao 100–61, Portsmouth 82–48, yaani 1.639 dhidi ya 1.708. City ilijua kwamba ushindi tu hautoshi, lazima kapu lijae. Bahati yake ilikuwa nyumbani, Maine Road, dhidi ya Bradford City waliokuwa mkiani na tayari wameshashuka. Ikawapiga 8–0. Portsmouth nao walikuwa nyumbani, Fratton Park, wakacheza na Preston na mechi yao ikaanza robo saa baadaye. Ina maana City walipomaliza, kazi ilikuwa bado inaendelea kusini, na Maine Road palikuwa na watu waliokwisha kushangilia kupanda. Portsmouth wakashinda 5–1, straika wao Willie Haines akifunga manne.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Kama Portsmouth wangeshinda 4–1, wangekuwa na 86 kwa 49, yaani 1.755, na City ndiyo ingepanda. Kama City wangeshinda 9–0, wangekuwa na 109 kwa 61, yaani 1.787, wangepanda vilevile. Lakini kama katika kutafuta la tisa wangeruhusu bao moja tu, basi 9–1 isingetosha, wala 10–1. Wangehitaji 11–1. Bao moja la kufungwa lingewagharimu mabao mawili ya kufunga, kwa sababu linaongeza namba ya chini, ile inayogawanya.

Huo ndio msingi wa jambo lote, na wengi wanaoisimulia habari hii wanaupita. Husemwa kwamba City ilikosa bao moja la kufunga. Ni kweli, ila kwa City wa msimu ule kila bao la kufunga liliongeza uwiano kwa takriban 0.016, na kila bao la kufungwa lililoepukwa lingeuongeza kwa takriban 0.03. Tatizo lilikuwa nyuma, siyo mbele.

Na tunajua pa kulitazama. Siku ya Krismasi 1926, Middlesbrough walikwenda Maine Road wakashinda 5–3. Mabao yote matano yalifungwa na mtu mmoja, George Camsell. Toa moja tu kati ya hayo. Matokeo yanakuwa 4–3, City bado wamefungwa, pointi hazibadiliki hata moja. Lakini mwisho wa msimu City wana 108 kwa 60, sawasawa na 1.8, na wanapanda badala ya Portsmouth. Bao la tano katika mechi ambayo tayari imepotea ndilo bao ambalo mabeki wengi hulihesabu kuwa halina maana. Mwaka ule lilikuwa na maana kuliko mengi yaliyofungwa kwenye mechi za ushindi.

Camsell mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu. Alizaliwa mwaka 1902 Framwellgate Moor, kijiji cha wachimba makaa katika jimbo la Durham, na yeye mwenyewe alifanya kazi mgodini kabla ya kuingia kwenye soka. Middlesbrough walimchukua kutoka Durham City mwaka 1925. Msimu wa 1926/27 ulipoanza hakuwa chaguo la kwanza. Nafasi ya straika wa kati ilikuwa ya Jimmy McClelland, na Camsell aliipata McClelland alipoumia. Timu ilikuwa imeanza vibaya. Kuanzia hapo akacheza mechi 37 na kufunga mabao 59 ya ligi, karibu nusu ya mabao yote 122 ya timu. Mara tisa katika msimu huo alifunga matatu au zaidi katika mechi moja. Hakuna aliyewahi kufikia 59 katika Daraja la Pili hadi leo.

Mabao hayo hayakutoka kwa kipaji peke yake. Juni 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Kabla ya hapo, mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, kipa akiwemo, wakati mpira unapigwa. Mabeki wawili waliizoea: mmoja anapanda karibu na katikati ya uwanja, mwenzake anabaki nyuma kidogo kama akiba. Straika akimpita wa mbele ameotea. Mtego ukishindwa, wa nyuma yupo. Namba ilipopunguzwa hadi wapinzani wawili, mtego huo ukawa wa hatari, kwa kuwa sasa beki wa mwisho ndiye anayeweka mstari na hakuna akiba nyuma yake zaidi ya kipa. Katika Daraja la Kwanza mabao yalipanda kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata, mechi zikiwa 462 zilezile.

Dawa ilikuwa kumrudisha nyuma kiungo wa kati asimame katikati ya mabeki wawili, amkabe straika muda wote. Arsenal ya Herbert Chapman ilianza kufanya hivyo baada ya kuchapwa 7–0 na Newcastle, Oktoba 1925. Timu nyingi zilichukua muda kuiga, na straika mwenye mbio, anayepiga kwa miguu yote miwili, alikuta njia pana katikati. Camsell alikuwa wa aina hiyo hasa. Pembeni alikuwa na Billy Pease kulia na Owen Williams kushoto, mawinga wa kweli, wa kukimbia hadi mwisho wa uwanja na kurudisha krosi. Beki wa pembeni akitoka kumkabili winga, katikati panabaki kiungo ambaye bado alifundishwa kupanda kushambulia. Ukisoma 122 kwa jicho hilo, unaona mfumo uliokutana na sheria mpya kabla wapinzani hawajaamka.

City walifaidika na sheria hiyohiyo, ila hawakujifunza upande wake wa pili. Msimu wa 1925/26 walikuwa Daraja la Kwanza, wakafunga mabao 89 na kufungwa 100. Walifika fainali ya Kombe la FA wakafungwa 1–0 na Bolton, na siku ya mwisho ya ligi wakafungwa 3–2 na Newcastle baada ya kukosa penalti, wakashuka. Mwaka mmoja baadaye ndiyo haya ya 108. Na mwaka 1938, wakiwa mabingwa watetezi wa Uingereza, walishuka tena wakiwa na mabao 80, mengi kuliko timu yoyote ya daraja lao, huku wamefungwa 77. Sikubaliani na wanaoiita bahati mbaya. Timu inayofungwa hivyo inaacha hatima yake mikononi mwa wengine.

Portsmouth ilikuwa kinyume chake. Hadi mwaka 1924 ilikuwa bado Daraja la Tatu. Mabao yake 87 ni pungufu kwa 35 kuliko ya Middlesbrough, lakini iliruhusu 49 tu katika mwaka ambao nyavu zilitikisika kila kona ya nchi.

Sasa, lile swali la kijiweni: kwa kanuni za leo nani angepanda? Jibu la haraka ni City, maana tofauti yao ni +47 na ya Portsmouth ni +38. Jibu hilo si sahihi. Ukitumia tofauti ya mabao ya leo, tumia na pointi 3 za ushindi za leo. Portsmouth: 23 mara 3 jumlisha 8, pointi 77. City: 22 mara 3 jumlisha 10, pointi 76. Portsmouth anapanda kwa pointi, mabao hayaguswi kabisa. City ingepanda tu kwa kanuni za kati ya mwaka 1976, ligi ya Uingereza ilipoacha kugawanya na kuanza kutoa, na 1981, ushindi ulipopewa pointi 3. Na hata hivyo haya ni mazoezi ya karatasi, kwa kuwa timu hucheza kulingana na kanuni iliyopo. Anayejua sare ni nusu ya ushindi huiridhia mapema.

Kwa wanaoendesha ligi za kata na mabonanza huku kwetu, Dodoma mjini, Bahi, Kongwa au Mpwapwa, msimu ule una mafunzo ya moja kwa moja. Kugawanya hakufai kabisa kwenye ligi fupi. Timu iliyocheza mechi tano, ikafunga 4 na kufungwa 1, ina uwiano wa 4.0, iliyofunga 15 na kufungwa 5 ina 3.0 tu. Ya kwanza inakaa juu kwa kujifungia nyuma. Na isiyofungwa hata bao moja haina uwiano wowote, kwa kuwa huwezi kugawanya kwa sifuri. Kikokotoo cha simu kitakuandikia kosa na mgogoro utaanza mezani. Tumieni tofauti ya mabao, zikilingana mabao ya kufunga, kisha matokeo ya zenyewe kwa zenyewe, na mpangilio huo uandikwe kwenye kanuni kabla ya mechi ya kwanza.

Mabao ya mezani yanahitaji uangalifu pia. Timu isipotokea, mpinzani kwa kawaida hupewa pointi 3 na mabao 3. Kama katika kundi lako kuna kichwa cha mwendawazimu ambacho wenzako wote wamekifunga saba au nane, kisha kikasusia mechi yako, zawadi hiyo ya mabao 3 imekupunja. Afadhali kanuni iseme kwamba timu ikijitoa katikati ya ligi, matokeo yake yote yanafutwa kwa kila mtu.

Na mechi za mwisho za kundi zianze kwa wakati mmoja. Ikiwa uwanja ni mmoja, tafuteni wa pili hata wa shule. Ile robo saa ya Fratton Park iliwapa Portsmouth nafasi ya kucheza dakika za lala salama huku City wakiwa wameshaweka namba zao mezani, na hakuna mchezaji wa City aliyeweza kujibu.

City walipanda msimu uliofuata, 1927/28, kama mabingwa, mabao 100–59 na pointi 59. Leeds waliopanda nao walikuwa na 98–49, uwiano wa 2.0 kamili, lakini pointi 57. Middlesbrough walishuka mwaka huohuo wakiwa wa mwisho na pointi 37, Tottenham wakiwa juu yao na 38 na kushuka nao, katika daraja ambalo Dixie Dean wa Everton alifunga 60 na kuipita ile 59 ya Camsell kwa bao moja. Mwaka 1929 Middlesbrough walirudi juu, mabingwa tena wa Daraja la Pili. Camsell alibaki nao hadi mwisho wa maisha yake ya soka na kuwafungia mabao 325 ya ligi. Timu ya taifa ya England ilimchezesha mara 9. Alifunga mabao 18.