Likizo ya ndoana Kigoma: anza na mwezi

Ukipanga kuvua kwa mshipi Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma, tazama mwezi kabla ya kukata tiketi ya treni. Usiku wa giza taa za wavuvi huvuta dagaa, na migebuka, samaki wanaowala dagaa, huwafuata. Mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, boti nyingi hubaki ufukweni. Angalia pia kipindi cha kufunga ziwa, yaani uvuvi kusimamishwa: mwaka 2024 kilianza Mei 15 hadi Agosti 15. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na maji ya Hifadhi ya Gombe yaache.

Kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hili, ndiye wa kumfuata hasa. Hupenda kando ya miamba, na hapo ndipo mishipi hukatika. Funga kipande cha mshipi mnene cha mita moja mbele ya ndoana, kipapase kwa kucha kila ukipata samaki, kikikwaruza, kibadilishe.