Chupa ya Baba katika Ghala la Serralunga

Mzee yule alikuwa ameishi Tosamaganga, Iringa, kwa miaka 11 akiwa fundi mwashi wa misheni ya Wakonsolata, na Kiswahili alichorudi nacho Italia mwaka 1981 kilikuwa kimebaki vilevile alivyokipakia, bila neno hata moja lililozaliwa baada ya hapo. Padri mmoja wa Torino, mji nilikokuwa nikisoma kilimo, ndiye aliyenikutanisha naye mwezi wa Desemba 2012, miezi mitatu tu baada ya mimi kufika. Alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe, nami nikamweleza kwa aibu kidogo kwamba mimi ni Mgogo wa Dodoma na kwamba salamu ninayoijua vizuri ni shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiingoja salamu hiyo kwa miaka 30.

Nyumba yake ilikuwa Serralunga d'Alba, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa kilima katika eneo la Langhe, kusini mwa Torino, na mizabibu yake ilianzia chini ya ukuta wa nyumba ikashuka hadi bondeni. Nilimpelekea zawadi ambayo mama aliifunga katika khanga mbili kabla ya kuiweka kwenye sanduku langu: chupa moja ya divai nyekundu ambayo baba aliitengeneza mwenyewe. Sisi nyumbani tuna ekari moja ya zabibu upande wa Hombolo, na zabibu nyingi huuzwa kwa kilo au hugeuka mchuzi wa zabibu unaonunuliwa na wenye viwanda, lakini kila msimu baba hujiwekea madumu mawili ya kwake. Chupa ile haikuwa na lebo. Ilikuwa na kipande cha utepe wa gundi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino «8/2012», na kizibo chake kilikuwa kimekwisha kuziba chupa nyingine kabla ya hiyo.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma tarehe, akasema, «Tutaiweka.» Mimi nilidhani anaiweka mezani.

Miaka miwili ilipita kabla sijaiona tena. Jioni ninayotaka kuieleza ni ya mwezi wa Novemba 2014, mavuno ya Nebbiolo, zabibu nyekundu ya huko, yakiwa yamekwisha na ukungu umelala bondeni kiasi kwamba vilima vya mbali vilionekana kama visiwa. Nilikuwa nimevuna naye msimu ule, na ulikuwa msimu wa tabu: mvua za kiangazi zilikuwa nyingi, mvua ya mawe ilipiga baadhi ya mashamba, na tulitupa vichala vingi chini kabla hata ya kuvifikisha kwenye kreti. Mzee alisema kwamba mtu aliyevuna mwaka mbaya anastahili kuonjeshwa miaka mingine ili asiondoke na hukumu isiyo sahihi, akanishika bega na kuniongoza kwenye ngazi za mawe.

Ghala lake la chini lilikuwa limechimbwa ndani ya kilima chenyewe. Aliniambia kwamba humo nyuzijoto hukaa kwenye 13 hivi, ziwe siku za theluji au za jua la Agosti, na kwamba utulivu huo una thamani kuliko baridi yenyewe, kwa sababu divai inayopashwa moto na kupozwa kila siku hupumua kupita kiasi kwenye kizibo chake na kuzeeka vibaya. Chupa zililazwa ili divai iguse kizibo na kukizuia kisikauke. Upande mmoja lilisimama pipa kubwa la mti wa mwaloni wa Slavonia, la lita 2,500, jeusi kwa umri, na hapo akakumbuka ugomvi wa miaka ya themanini na tisini, vijana wa Langhe walipoanza kuleta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225 na wazee wakaona kwamba divai inanukishwa mbao mpya. «Mimi ni fundi mwashi,» alisema, «mbao naziacha kwenye paa.» Ulikuwa utani aliousema mara nyingi, nadhani, kwa sababu mke wake aliyekuwa juu ya ngazi alicheka kabla hajaumaliza.

Tulianza na chupa mbili za mwaka 2010, ambazo zilikuwa zimeruhusiwa kuuzwa mwaka uleule wa 2014, kwa kuwa sheria ya Barolo, divai ya vilima hivyo, inataka divai ikae miezi 38 kabla ya kutoka, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mbao. Moja ilikuwa yake, na nyingine ya shemeji yake wa La Morra, kijiji kinachoonekana ng'ambo ya bonde. Zabibu ni ileile moja, Nebbiolo, na mwaka ni uleule. Ya La Morra ilinukia waridi kabla sijaikaribia pua, ikapita kinywani kwa upole. Ya Serralunga ilinukia kidogo mno, kama mlango uliofungwa, na nilipoimeza ilinikaba ufizi na ulimi kwa ukakasi wa kula zambarau ambazo hazijaiva sawasawa, ule unaomfanya mtoto atoe ulimi nje na kuufuta kwa mkono. Nilikunja uso bila kutaka. Mzee alifurahi kweli.

Alinieleza kwamba tofauti iko chini ya miguu. Udongo wa La Morra ni mfinyanzi wenye chokaa wa rangi ya kijivu na buluu, na divai yake hufunguka mapema. Ule wa Serralunga ni mkongwe zaidi na mgumu zaidi, una mawe ya mchanga ndani yake, nayo divai yake hutoka ngumu na huchukua miaka mingi kulainika. Ukakasi wenyewe hutoka kwenye maganda na kokwa, na Nebbiolo anao mwingi kupita kiasi kwa zabibu yenye rangi hafifu namna ile. Baba yake mzee alikuwa akiacha maganda ndani ya mchuzi kwa zaidi ya mwezi mzima, akiyakandamiza kwa mbao yasielee, naye mwenyewe bado hufanya hivyo. Ndani ya chupa, ukakasi huo hushikana kidogokidogo, ukavuta na rangi, ukawa mzito, na mwishowe huzama chini kama mashapo, huku kinachobaki juu kikizidi kulainika. Kwa hiyo divai kama hii inayoahidi kuzeeka vizuri ni lazima ianze ikiwa karibu haivumiliki, na tena iwe na uchachu wa kuishika wima wakati wote huo. Nilitazama glasi yangu ya 2010 kwa heshima ambayo sikuwa nayo dakika chache kabla.

Ya tatu ilikuwa ya mwaka 2003. Mwaka huo Ulaya ilipigwa na joto kali lililoua watu wengi, na zabibu za Langhe ziliiva haraka, nyingine zikakauka juani. Divai ile ilikuwa imekwisha kugeuka rangi ya tofali ingawa ilikuwa na miaka 11 tu, na ilinukia zabibu kavu, sukari iliyoungua na kitu kama jamu iliyosahaulika jikoni. Mzee hakuipenda. Alisema joto lilipandisha sukari na kuushusha uchachu kabla ukakasi haujaiva, ndiyo maana divai ilibaki kavu mwishoni bila matunda ya kuifunika. Mimi niliipenda mara moja. Nilinyamaza nayo kwa muda, maana ilikuwa na harufu ya nyumbani kwetu mwezi wa Agosti, ya vichala vilivyochelewa kuvunwa, nyuki wakivizunguka.

Nadhani alikuwa amepanga hivyo, kwa sababu hapo ndipo aliponyoosha mkono nyuma ya safu ya chupa zake na kuitoa chupa ya baba. Alikuwa ameilaza pamoja na za kwake kwa karibu miaka miwili. Utepe wa gundi ulikuwa umepata ukungu pembeni, lakini «8/2012» ilisomeka. Kizibo kilitoka bila kelele yoyote, kikiwa kimelowa hadi juu, na hapo moyo wangu ulianza kujua.

Rangi ilikuwa ya kahawia. Ilinukia tende zilizochemshwa na, nyuma yake, siki kidogo. Kinywani haikuwa na ukakasi wala uchachu wa kuisimamisha. Palikuwa na joto la pombe tu, kisha hapakuwa na kitu. Nilikuwa ninaijua divai ile ilipokuwa na wiki tano, ya zambarau iliyokolea, tamu kidogo, yenye harufu ya zabibu zilizokanyagwa sasa hivi, ya kunywewa kwa kikombe cha bati kando ya nyama ya mbuzi. Nilianza kuomba radhi. Nilisema kwamba baba hana pipa, kwamba zabibu yake ya Makutupora huvunwa mara mbili kwa mwaka na mzabibu haupati usingizi kama huu wa theluji, kwamba maganda huondolewa baada ya siku chache, kwamba kizibo kilikuwa cha zamani. Yote yalikuwa kweli, na kadiri nilivyozidi kuyasema ndivyo nilivyozidi kumsaliti mzee wangu aliyenipa chupa nzuri kati ya alizokuwa nazo.

Mzee aliniacha nimalize. Kisha akasema, «Mwanangu, hapa mwenye kosa ni mimi. Hii baba yako aliitengeneza tuinywe Krismasi ile, mimi nikaificha kwa mazoea ya huku.» Akainywa glasi yake yote, jambo ambalo hakulifanya kwa ile ya 2003, akaongeza kwamba hata Dolcetto, divai nyekundu ya kila siku ya huko, anayokunywa mwenyewe kila mchana huwa hailazi zaidi ya miaka miwili au mitatu, na hakuna mtu wa Langhe anayeidharau kwa hilo. Sijui kama aliinywa kwa kupenda. Nilimshukuru hata hivyo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa bado. Chupa ya mwisho ilikuwa ya 1989, mwaka ambao wakulima wa huko hutaja kwa kushusha sauti, nayo alikuwa ameisimamisha kwenye rafu ya ngazini tangu juzi yake ili mashapo ya miaka 25 yakae chini. Aliniomba niipandishe jikoni, ambako mke wake alikuwa ameandaa nyama ya ng'ombe iliyopikwa ndani ya divai tangu asubuhi. Mimi, kijana mwenye bidii, niliikamata shingoni, nikaigeuza chini ya taa nisome lebo, nikaifuta vumbi kwa kitambaa kwa nguvu ya mtu anayeng'arisha kiatu cha kwenda kanisani, na kuifikisha mezani ikiwa safi kabisa. Yule bibi alishika kichwa. Mzee aliitazama, akaingiza tena kiti chake mezani, akasema kwa Kiswahili chake cha Tosamaganga, «Basi tutakula kwanza.»

Tulikula polepole kuliko chakula chochote nilichowahi kula. Baada ya saa moja na nusu hivi, alizima taa kubwa, akawasha mshumaa na kuushika chini ya shingo ya chupa, akamimina kwa mkono usiotetemeka, akiangalia ule uzi mwembamba wa giza ulipokuwa unakaribia mdomo. Alipouona aliacha kumimina. Theluthi moja hivi ya chupa ilibaki na tope, hasara ambayo nilikuwa nimeisababisha kwa kitambaa.

Kilichokuwa ndani ya glasi kilikuwa chekundu cha kuelekea chungwa, na pembeni kilikuwa karibu na rangi ya chai. Nilitazamia kitu cha uzee, cha kuhurumia. Harufu ya kwanza ilikuwa waridi, lakini waridi lililokaushwa ndani ya kitabu, kisha lami, ile ya barabara ya Dodoma baada ya mvua ya kwanza, kisha ngozi, tumbaku, majani yaliyooza chini ya mti. Ukakasi ulikuwapo bado. Nilipoutafuta kwenye ufizi, pale uliponikaba katika ile ya 2010, niliukuta umekuwa kama kitambaa laini, na uchachu uliendelea kuishika divai muda mrefu baada ya kuimeza, kiasi kwamba niliacha kuongea nikiuogopa usikatike. Mzee alisema ilikuwa na miaka kumi mingine mbele yake. Kwa upande wangu, kama ningeulizwa ni ipi kati ya hizo ningependa kunywa na rafiki zangu siku ya Jumamosi, ningetaja ile ya La Morra, na siku hizi bado ningeitaja hiyohiyo. Ile ya 1989 inataka mtu akae kimya mno.

Jumapili iliyofuata nilimpigia baba simu. Alianza na mvua na mbuzi, kisha akauliza yule Mzungu wa Iringa alisemaje kuhusu chupa yake, maana alikuwa hajawahi kuniuliza. Sikuona sababu ya kumdanganya. Nilimweleza kwamba mzee aliilaza ghalani, kwamba tumeifungua juzi, na kwamba haikuwa nzuri tena.

Kulikuwa na kimya, nikadhani mtandao umekatika.

«Miaka miwili?» baba alisema. «Sisi ya huku tuliimaliza kabla ya Krismasi.» Alicheka hadi nikamsikia mama akiuliza kuna nini, akamsimulia kwa Kigogo, naye akacheka. Kisha akarudi kwenye simu na kuniuliza kama chupa yenyewe bado ipo, kwa sababu ilikuwa ya kuazima.